Kuivisha Upya Taa Kuukuu

Msikilizaji wangu, kama uko jikoni, endelea na upishi wako. Mazungumzo haya yanahitaji sikio tu, na kalamu kidogo tutakapofika kwenye vipimo.

Jioni hii nazungumzia taa. Ni ile taa ya mezani, au ile ndefu ya kusimama pembeni mwa kiti, yenye kofia ya kitambaa juu ya balbu. Kofia hiyo ikishashika vumbi, ikapasuka na kugeuka manjano, taa nzima hupelekwa stoo, na kutoka stoo huenda jaani. Hiyo ni hasara ya bure. Kofia ya taa huvishwa upya kwa kitambaa kisichofika hata mita moja, na mikono ya kuifanya kazi hiyo tunayo hapa hapa Turkana. Iko kwa mafundi wa cherehani wa Kakuma, na iko kwa akina mama wa Kerio wanaosuka miyaa. Kazi haiwafikii kwa sababu hatujawapelekea.

Tuanze na zilikotoka taa zenyewe. Kwetu mwanga wa usiku ulikuwa moto wa kuni, kisha ikaja koroboi, ile taa ya mkebe na utambi wanayoitengeneza mafundi wa jua kali kwa makopo yaliyotumika, kisha fanusi yenye chemni. Hakuna hata moja kati ya hizo inayovaa kitambaa, na Mungu amwepushe na balaa anayejaribu. Kofia ya kitambaa ni jamaa ya stima, na stima yenyewe ilikawia kufika. Bwawa la Turkwel, lenye mitambo ya megawati 106, lilikamilika mwaka 1991 juu ya mto huu huu unaopita Lodwar. Hata hivyo umeme wake ulipelekwa kusini, Lessos, ukaingia kwenye gridi ya taifa, na Lodwar ikaendelea miaka mingi kuwashiwa taa na jenereta za dizeli. Kwa hiyo aliyekuwa na taa ya kofia alikuwa mtu wa misheni, mkubwa wa serikali, au mgeni wa shirika.

Wageni hao walikuwa wengi zaidi Lokichoggio. Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulipoanzisha operesheni ya kupeleka misaada Sudan, kituo kile kidogo cha mpakani kiligeuka kuwa mji wa ndege. Kambi za wafanyakazi na nyumba za wageni zikajengwa na kupambwa. Baada ya mkataba wa amani wa Sudan wa Januari 2005, mashirika yakahamia Juba kidogo kidogo, na vyumba vingi vikabaki wazi. Kisha Lodwar ikapata zamu yake. Machi 2012 ilitangazwa kwamba mafuta yamepatikana katika kisima cha Ngamia 1, upande wa Lokichar. Mwaka uliofuata serikali ya kaunti ikaanza kazi, na hoteli zikajengwa moja baada ya nyingine. Chumba cha hoteli ya hadhi huwekewa taa mbili kando ya kitanda, nazo huja zimevishwa tayari kutoka viwanda vya mbali. Zilizonunuliwa wakati ule sasa zimepita miaka kumi, na sura zao zinasema hivyo.

Kwa nini zinachakaa haraka kwetu? Kofia nyingi za kiwandani si kitambaa kitupu. Nyuma ya kitambaa kuna karatasi ngumu ya plastiki iliyobandikwa kwa gundi. Mchana wa Lodwar hufika nyuzi 35 na kupita. Plastiki hiyo hupigwa na jua la dirishani kutoka nje na joto la balbu kutoka ndani, mpaka inakauka na kuvunjika ukiigusa tu. Gundi nayo huachia, mshono ukafunguka. Ongeza vumbi la upepo wetu, na wadudu wa jioni wanaoufuata mwanga wakafia ndani. Lakini ukishayavua hayo yote, unabaki na pete mbili za waya, ya juu na ya chini, na katika kofia za zamani kuna nyaya nyembamba zinazoziunganisha. Waya hauna hitilafu. Thamani ya kofia iko hapo, kwenye fremu.

Hapa kuna jambo la kulijua kabla hujavua chochote. Kofia ni za namna mbili. Kuna yenye fremu kamili, pete mbili na nyaya za kusimama katikati yake, na kuna ile ambayo pete zake hazijaunganishwa, kwa kuwa plastiki ndiyo iliyozishikilia. Hii ya pili ukiivua inakuachia pete mbili zilizolegea mkononi. Usikate tamaa. Ipeleke kwa fundi wa kuchomea vyuma, akuwekee nyaya nne za kusimama kati ya pete hizo. Ni kazi ya dakika chache, na tangu hapo kofia yako itakuwa imara kuliko ilivyotoka dukani.

Sasa kitambaa. Kambi ya Kakuma ilianza mwaka 1992, ikawapokea kwanza wale vijana waliotembea kwa miguu kuikimbia vita ya Sudan. Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei, ina watu zaidi ya 200,000 kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko. Ushonaji wa vitenge unaouona katika soko lake ni ujuzi waliokuja nao, hasa Wakongo na Warundi. Chini ya cherehani za fundi mwenye wateja hakukosi mfuko wa vipande vilivyobaki kwenye magauni na mashati. Vipande hivyo havitoshi nguo ya mtu mzima, lakini kofia ya taa vinaitosha na kubaki.

Nilimtazama fundi mmoja pale Kakuma akichagua kipande cha kuvisha kofia ya taa ya mezani. Hakukiangalia kikiwa mezani. Alitoka nacho nje ya kibanda, akakiinua kwa mikono miwili kuelekea jua, akakitazama kwa nyuma. Kitenge cha bluu nzito, ambacho mezani kilikuwa ndicho kizuri kuliko vyote, juani kikawa cheusi tii, maua yake yote yakapotea. Akakirudisha mfukoni. Akainua kingine cha manjano hafifu chenye majani ya kahawia, kisicho na mvuto wowote mezani, na kile kikawaka chote, kila jani likajitokeza na mishipa yake. Akatabasamu, akakiweka begani. Hakusema neno, na wala halikuhitajika, kwa sababu kitambaa cha taa huchaguliwa kwa kumulikwa.

Fuata njia yake. Kitambaa kizito na cheusi hakipitishi mwanga pembeni, kinautoa juu na chini peke yake. Kwa taa ya pambo hilo halina neno, lakini kwa mtoto anayesoma usiku ni kumwonea. Kitambaa chekundu hufanya chumba kizima kiwe chekundu, hata chakula mezani kikaonekana kibaya. Ukiwa umekipenda kitambaa cha rangi kali na huwezi kukiacha, weka bitana nyeupe kwa ndani. Bitana itaurudisha mwanga chumbani, na rangi ile itabaki kupendezesha kwa nje. Bitana bora ni marikani, ile pamba ya kawaida isiyopakwa rangi. Nguo hiyo ina historia ndefu kwetu. Wafanyabiashara wa Salem, jimbo la Massachusetts, waliileta Unguja kwa shehena katika karne ya 19, na kutoka pwani ikaingia bara mabegani mwa wapagazi. Duka la vitambaa lisiloiuza ni la nadra.

Leso nayo inafaa sana, labda kuliko kitenge, kwa sababu ni pamba nyepesi na mwanga huipita vizuri. Pindo lake likae ukingo wa chini wa kofia, na mji wake, yaani ile sehemu ya katikati, uzunguke juu. Ukitaka jina la leso lisomeke, pima kwanza lisije likaishia kwenye mshono au likageuka juu chini. Shuka nzito za kujitanda sizipendekezi. Ni nene, na nyingi zimefumwa kwa nyuzi za viwandani zinazoyeyuka.

Hilo la nyuzi ni la kuzingatia. Chomoa uzi mmoja kwenye kitambaa, uende nao nje mbali na nguo nyingine, uuwashe kwa kiberiti. Uzi wa pamba utaungua kama karatasi na kuacha jivu laini linalosagika kwa vidole. Poliesta itayeyuka, ijikunje na kuacha kidonge kigumu cheusi. Kitambaa kinachoacha kidonge kisikaribie balbu. Na pamba si ngeni kwetu. Mto Kerio, kabla ya kufika hapa na kumwaga maji yake katika Ziwa Turkana, hupita katika Bonde la Kerio, kati ya Elgeyo Marakwet na Baringo, ambako wakulima hupanda pamba. Kule Eldoret kuna kiwanda cha nguo cha Rivatex, kilichochukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 na kuzinduliwa upya mwaka 2019. Natamani siku moja kitambaa cha taa za Lodwar kitoke kwa wakulima wa mto wetu wenyewe. Si ndoto ya mbali. Kinachokosekana ni mnunuzi wa kuuliza dukani pamba hii imetoka wapi.

Haya, shika kalamu. Chomoa plagi, toa balbu, fungua ile pete ya plastiki inayoshikilia kofia kwenye holda. Kitambaa cha zamani kifungue polepole kwa ncha ya mkasi, usikirarue, kwa kuwa ndicho ramani yako. Kitandaze, na kama kimetoka kizima, umepata kipimo bila hesabu. Kisha msasa kwenye waya mpaka kutu yote iishe, upake rangi nyeupe, uache ikauke kabisa. Wanaoruka hatua hii hujuta baadaye, kwani kutu huvuja kwenye kitambaa kipya na doa lake halitoki.

Kama kofia imenyooka kutoka juu hadi chini, hesabu ni rahisi. Pima upana wa pete, zidisha kwa 3.14. Pete ya sentimita 30 ina mzunguko wa sentimita 94. Ongeza 2 za mshono, unapata 96. Kimo cha kofia kikiwa sentimita 25, ongeza 4 za kukunja juu na chini, unapata 29. Kitenge cha kawaida kina upana wa sentimita kama 115, kwa hiyo mkanda mmoja wa sentimita 30 uliokatwa kwa upana unatosha kofia nzima kwa mshono mmoja tu. Mita moja inavisha kofia tatu.

Kama kofia ni nyembamba juu na pana chini, hesabu hiyo haifai. Chukua gazeti kubwa, ulilaze sakafuni. Laza kofia ubavu, tia alama ya chaki kwenye waya mmoja wa kusimama, alama hiyo iguse gazeti. Sasa ivingirishe polepole huku penseli ikifuata ukingo wa chini, mpaka alama ya chaki irudi kugusa karatasi. Irudishe ulipoanza, ivingirishe tena, safari hii penseli ifuate ukingo wa juu. Kofia itataka kujipinda kwa mzunguko. Iache ijipinde, usiilazimishe kwenda moja kwa moja. Ukiunganisha mistari hiyo miwili utaona umechora umbo la upinde mpana. Ongeza sentimita 2 pande zote, ukate. Mafundi wengi wanaoshona sketi za kupanuka wataitambua kazi hii mara moja.

Kabla ya kuvisha, funga pete zote mbili kwa utepe wa pamba. Utepe ukikosekana, chana shuka kuukuu vipande vya upana wa sentimita 2. Uzungushe kwenye waya kwa mshazari, kila mzunguko ulalie kidogo ule uliotangulia, uukaze mpaka ukijaribu kuusokota kwa kidole usizunguke. Watu huona hatua hii kuwa ya kuchosha. Lakini bila utepe huo sindano haina pa kushika, na ndipo mtu anapokimbilia gundi.

Gundi siipendi, na sababu zangu ni za hapa kwetu. Ile ya kuyeyushwa kwa moto hulegea ikipata joto, na joto tunalo mchana kutwa kabla hata balbu haijawashwa. Nyeupe ya mbao, upepo wetu huikausha juu kabla haijashika chini, na ikivuja huacha alama kwenye kitambaa. Lakini sababu kubwa ni vumbi. Kofia iliyoshonwa kwa mkono hufumuliwa, kitambaa kikafuliwa, kikaanikwa na kurudishwa. Iliyobandikwa huwezi kuifua, na baada ya misimu michache ya vumbi utaitupa tena. Katika nchi kavu yenye upepo, kushona ndiko kunakodumu.

Kitambaa kikatwe mshazari ikiwezekana, maana hapo huvutika na kukaa bila mikunjo. Kibane kwa pini juu, kisha chini, kisha kushoto na kulia, ukivuta kila mara kwa kiasi, mpaka ukikigonga kwa kidole kilie. Shona kwa uzi wa mara mbili kwa upande wa nje wa pete, kata kilichozidi, kisha funika mshono kwa mkanda mwembamba wa kitambaa hicho hicho. Wako watakaotaka shanga kwenye ukingo wa chini, na zinapendeza kweli, kwa sababu kioo hukamata mwanga. Nunua shanga mpya. Za bibi, zile za shingoni, zisikatwe kwa ajili ya taa. Zina habari zake na za watu wake.

Sasa tuje kwenye moto, na hapa naomba usikivu wako wote. Balbu ya zamani ya wati 60, ile yenye uzi ndani, hutumia karibu asilimia 90 ya umeme wake kutoa joto, na mwanga ni ile asilimia ndogo iliyobaki. Kuiweka ndani ya kofia ya kitambaa kwenye chumba ambacho tayari kina joto ni kutafuta maafa. Balbu ya LED ya wati 8 au 9 inatoa mwanga ule ule bila kuchoma kitambaa. Tumia hiyo peke yake, na hata hivyo acha nafasi ya sentimita 5 au zaidi kati ya balbu na kitambaa kila upande. Waya ukiwa umechubuka au plagi inacheza, fundi wa stima aishike taa kwanza kabla ya fundi wa nguo. Kwa wenzetu wa sola, zipo balbu za LED za volti 12 zinazoingia kwenye holda za kawaida, kwa hiyo taa ya mezani inaweza kuhamia kwenye betri. Ukiihamisha, ibandike karatasi iliyoandikwa wazi kuwa ni ya volti 12, asije mgeni akaichomeka kwenye stima. Na koroboi, fanusi au mshumaa usivishwe kitambaa hata kwa dakika moja. Nyumba zetu nyingi ni za makuti na maturubai, zimebanana, na kambini zimebanana zaidi.

Nirudi Kerio. Kandokando ya Mto Kerio, kuelekea unapoingia ziwani, mikoma ndiyo miti ya watu. Tunda lake linaliwa, na majani yake machanga hukatwa, hukaushwa, huchanwa miyaa na kulowekwa kabla ya kusukwa. Akina mama wa huko husuka vikapu kwa kuzungusha: wanaanza na kitovu kidogo katikati, kisha safu juu ya safu, kila moja ikishonewa kwenye iliyotangulia kwa msumari au sindano nene. Vikapu hivyo husafiri hadi Nairobi na ng'ambo. Kikapu kilichogeuzwa chini juu, chenye tundu katikati, ni kofia ya taa tayari.

Lakini tundu lile lina kipimo, na agizo la aina hii linaweza kuharibika hapo. Holda ya balbu ya pini huhitaji tundu la karibu sentimita 3, na ile ya skrubu karibu sentimita 4. Likiwa dogo haliingii, likiwa kubwa kofia inaning'inia upande. Msukaji akipewa pete ya holda yenyewe mkononi, anaanzia kusuka kuizunguka, na kazi inatoka sawasawa. Amwombaye kofia ya taa amwambie pia aache safu za wazi katikati, ili mwanga upate njia. Ndani yake weka bitana ya leso au marikani. Hapo ile karatasi ya plastiki iliyotuvunjikia huna haja nayo tena, kwa kuwa ugumu umeupata kwenye miyaa na ulaini kwenye nguo. Miyaa mikavu hushika moto upesi, kwa hiyo sheria ya LED haina msamaha. Na anayeagiza nyingi akumbuke kwamba mkoma ukikatwa majani machanga yote hudhoofika, hivyo asidai kofia mia kwa wiki moja.

Jambo la mji kuishi kwa kazi ya taa si geni duniani. Huko Gifu, nchini Japani, watu walitengeneza taa za karatasi na mianzi kwa vizazi vingi, mpaka biashara ikaanza kuyumba. Mwaka 1951 mchongaji sanamu Isamu Noguchi alifika mjini humo. Hakuwaletea mafundi kiwanda wala ufundi wa kigeni. Alichukua karatasi ile ile na mianzi ile ile, akabuni maumbo mapya yanayofaa balbu ya umeme, akaziita taa hizo Akari. Zingali zinatengenezwa Gifu kwa mkono mpaka leo, na zimefika katika majumba ya makumbusho ya dunia. Kerio ina malighafi yake na ina ustadi. Hakuna aliyekwenda kukaa na wasukaji akawaambia, kipimo cha holda ni hiki, na mimi nitanunua.

Ndiyo maana nimelileta jambo hili redioni badala ya kuliacha kwa mafundi. Mwaka 2025 mgao wa chakula Kakuma ulipunguzwa mno, na ziko familia zinazotegemea kile kinachotoka kwenye cherehani. Kerio, mvua ikikosa na mifugo ikafa, kikapu ndicho kinachonunua unga. Wakati huo huo Lodwar kuna stoo zilizojaa taa zenye fremu nzima, na wenye stoo hizo wanaagiza nyingine mpya kutoka Nairobi, zilizovishwa plastiki ile ile itakayopasuka tena. Pesa inapita juu ya vichwa vya watu wanaoijua kazi.

Basi nazungumza na wewe mwenye hoteli au nyumba ya wageni Lodwar, na wewe msimamizi wa ofisi ya kaunti au ya shirika. Anza na chumba kimoja, taa mbili. Kofia ya kwanza ipeleke Kakuma, ni mwendo wa kilomita kama 120 tu, umpe fundi wa vitenge ikiwa na fremu yake iliyosafishwa. Ya pili mpe anayekwenda Kerio, pamoja na pete ya holda na kipimo cha kimo. Kubaliana bei kabla kazi haijaanza, iwe bei inayomlipa mtu muda wake, kwa maana kofia iliyoshonwa vizuri hula karibu siku nzima. Toa malipo ya awali ili fundi asinunue uzi kwa deni. Na taa ikirudi, iwashe mbele ya aliyeileta, uikague pande zote, kisha umlipe salio lake siku hiyo hiyo.